Sababu ya Kurudisha

Niliuza ekari mbili za misindano,
miti ya miaka tisa, haijashika unene,
nikanunua kipande cha chuma
kinachoenea kiganjani kama kiazi cha mbegu.

Wezi walikuwa wamempiga Mgaya nondo
dukani kwake, karibu na stendi ya Mafinga.
Nikasema, mimi hawanikuti hivi hivi.

Kibali kilichukua miezi kumi na minne.
Woga ulichukua usiku mmoja.
Nikaacha kwenda kilabuni:
mwenye bastola hanywi ulanzi,
na asiyekunywa huulizwa kwa nini.
Mke wangu akalaza mto katikati ya kitanda,
akasema ni baridi ya Juni.

Kisha ule usiku wa ukungu
komeo likatikiswa mara mbili.
Sikuuliza nani.
Nilikuwa nimeshalenga kifua cha mlango
iliposikika, "Shikamoo baba,
basi limetuharibikia Nyololo."
Twilumba, na kapu lake la parachichi.

Hakuona kitu. Nadhani hakuona.
Ila tangu siku hiyo akija nyumbani
huanza kujitaja angali barabarani,
majirani wote wanasikia:
"Ni mimi, baba. Ni Twilumba. Ni mimi."

Leo nimeirudisha polisi.
Fomu ina mstari mmoja, mfupi, wa sababu.
Nikamwambia afande, andika: nzito.
Akaipimapima mkononi, akacheka.
"Hii? Mbona nyepesi, mzee."

Nimerudi kwa miguu, kupitia zile ekari.
Mwenyewe ameshaanza kupogoa.