Daftari la Mchora Mabango

Baba aliniachia brashi kumi na moja na daftari moja.
Kila bango alilochora limo humo, kwa penseli:
rangi, idadi ya herufi, bei, na nani bado anadaiwa.
Mtaa wetu hauna ukumbusho mwingine.
Ni kiunga tu, nje ya Cleveland, mahali basi linapogeuzia:
nyumba za matofali, vibaraza vya mbao,
na maduka tisa yaliyoegemeana kama walevi waungwana.

1951. Vogt, vifaa vya ujenzi. Nyekundu, ukingo wa dhahabu.
Nusu alilipa kwa fedha, nusu kwa misumari.
Misumari hiyo ilidumu kuliko ndoa yangu.

1953. Wanda Pietrzyk, mikate.
Alizikataa herufi; alitaka suke la ngano.
"Njaa haijui kusoma," alisema,
na baba akarudi na mkate mweusi kwapani,
koti zima likinukia hamira.

1958. Hrycak, fundi viatu.
Jina refu, ubao mfupi; herufi zilibanana
kama wanaume wa zamu ya usiku kwenye kaunta yake,
buti za kiwandani mkononi, soksi zimetoboka,
wakibishania besiboli na bei ya makaa.

Kisha ukurasa wa 1962, ambao mara ya kwanza niliupita haraka.
Tolliver, kinyozi. Buluu na nyeupe. Herufi kumi na tano.
Limekamilika.
Halafu, kwa mkono uliokandamiza penseli hadi karatasi ikatoboka:
Halikutundikwa.

Nilikuwa na miaka tisa. Naikumbuka suti yake ya kijivu,
alivyosimama kwenye theluji akisoma jina lake, rangi bado mbichi,
midomo ikicheza kwa kila herufi.
Namkumbuka mwenye jengo akija jioni, sauti chini,
akisema wapangaji wengine, akisema majirani,
akisema unajua.
Baba alijua. Akarudisha malipo ya awali, dola sita.
Vogt alijua. Bi Wanda alijua,
na kesho yake tulikula mkate wake kama kawaida.

Mtu mweusi alinyimwa mlango kwa neno moja
ambalo hakuna aliyelimalizia.
Bango likakaa chini ya nyumba yetu, uso ukutani.

1976 duka kubwa lilifunguliwa kando ya barabara kuu,
lina ngazi zinazojiendesha na maegesho mapana kama ziwa.
Kufa kufaana: mwaka huo baba alichora kuliko mwaka wowote.
Tunafunga. Kila kitu kiuzwe.
Asanteni kwa miaka ishirini na mitatu.
Hili la mwisho ni la Bi Wanda. Bei: bure.
Pembeni alimchorea suke tena, bila kuombwa.

Baada ya hapo daftari ni jeupe.
Yaliyofuata niliyaona kwa macho: kanda za video za kukodi,
meno bandia, simu, mikopo ya haraka,
madirisha yaliyozibwa kwa mbao.
Na lile duka kubwa nalo likafa;
siku hizi njiwa wanapanda zile ngazi kwa miguu.

Mwezi uliopita Tulasa Ghimirey alipanga pale palipokuwa kwa Vogt,
auze mchele, dengu, bangili, na kadi za kupigia simu Nepali.
Alikwangua ukuta juu ya mlango, akaja kunigongea:
"Mama, kuna majina chini ya majina. Ni mangapi?"

Nilikwenda na daftari. Tukahesabu, kidole kwa kidole: sita.
Vumbi la rangi lilitujaa kwenye nyusi.
"Basi," akasema, "mimi ni wa saba."

Nilipapasa lile tundu dogo kwenye karatasi ya 1962.
Nikamwomba anisaidie kubeba kitu, kizito kidogo,
kiko chini ya nyumba,
na magoti yangu hayaziamini tena ngazi.