Jumatano, Saa Nne

Jedwali la maji nalisoma kama wengine wasomavyo Zaburi,
nimekaa jikoni, soksi za mtoto zinakauka kitini,
kidole changu kinateremka na safu ya Septemba:
Jumatano hii, saa nne asubuhi, maji yamekupwa;
Jumatano ijayo, saa ile ile, yamejaa hadi kwenye nyasi.
Ghuba yetu haijui wiki. Inamjua mwezi tu.
Nami nina familia kumi na moja
zinazosomesha watoto nyumbani,
kila moja na sababu yake, na gari lake bovu,
na mtoto wake asiyeruhusiwa karanga.

Nilipoanza nilidhani kazi ni kufundisha.
Kumbe kazi ni kuuliza.
Nani ana sanduku la huduma ya kwanza?
(Odette analo, ila plasta zimekwisha,
mapacha wake walimbandika mbwa.)
Nani ataleta chai? Nani atatembea nyuma ya msafara
ahesabu vichwa: kumi na tisa, kumi na tisa, kumi na nane —
Thaddeus! Shuka mtini.

Uwanja tulipewa na Lorne Spicer,
kipande cha chini, nyuma ya mitufaha,
kwa sharti moja alilolirudia mara tatu
huku akifuta mikono kwenye suruali:
lango lifungwe. Hata ukiwa unarudi sasa hivi.
Hata kama ng'ombe wako mbali. Lifungwe.

Wiki ya kwanza vitwitwi walikuwa bado hawajahama.
Waliruka pamoja, wakageuka pamoja,
mara weupe, mara hawapo.
Hollis akaunda duara kwa kidole na gumba,
akahesabu ndege waliomo: ishirini.
Kisha wote wakahesabu maduara,
wakagombana, wakaanza upya,
haba na haba, kibaba kikafika elfu mbili na kitu.
Hicho kitu kiliwasumbua mpaka chakula cha mchana.

Tope la Nova Scotia ni jekundu, na halirudishi linachokopa.
Bronagh, miaka sita, aliliachia buti la kushoto
akarudi akiruka kwa mguu mmoja, anacheka.
Mama yake hakucheka. Alinipigia usiku ule.
Alianza na bei ya buti, akapita kwenye baridi,
akazunguka, akazunguka, mwisho akatua:
"Wanachezea tope, Marguerite. Wanajifunza nini?"
Nilikuwa nakwangua sufuria.
Sikuwa na jibu. Nilikuwa na orodha.
Nikamwandika wiki inayofuata: chai.

Halafu Novemba. Upepo wa kung'oa mapaa.
Saa sita usiku nikatuma ujumbe: *hakuna darasa*,
nikalala usingizi wa mtu aliyelipa deni.
Lakini saa nne ilipogonga
miguu yangu haikukubali nyumba.
Nikawasha gari, nikajidanganya kwamba nakwenda kuliangalia lango.

Magari manne yameegeshwa kwa mstari.
Nyuma ya tuta la udongo, pale upepo usipofika,
watoto wamelala kifudifudi kama askari,
utepe mwekundu wamefunga kwenye fimbo,
na mama yake Bronagh, kofia imemshuka hadi nyusi,
anapaza sauti: "Sasa! Umepinda kiasi gani? Andikeni!"
Kalamu zinatoboa karatasi zilizolowa.

"Nani kawaambia mje?" nikauliza.
Wakanitazama kama niliyeuliza jina la mvua.
"Ni Jumatano," akasema Thaddeus.

Sitadanganya: furaha haikufika ya kwanza.
Wivu ulitangulia, mdogo, mchungu kama mbegu ya tufaha,
kwamba jambo nililolibeba mgongoni
limeshuka, linatembea, wala halikuniaga.
Nikanywa chai. Ilikuwa na sukari nyingi mno.
Nikahesabu vichwa, kwa mazoea: kumi na moja.
Nikahesabu tena.

Kisha nikapanda peke yangu, upepo ukinisukuma,
kuliangalia lango.

Lilikuwa limefungwa.