Vifungo Saba

Leo asubuhi nimekata vichwa ishirini na vinne
kabla chai haijapoa.
Kisu kidogo, wembe mpya, koleo la fundi saa.
Risasi ni laini, haibishi,
inalia kidogo tu, kama mtu aliyekanyaga ganda la yai.

Walikuwa askari wa miguu wa vita vya zamani,
kikosi kizima, hakuna anayefikia kidole gumba,
wamelala kwenye pamba ndani ya kasha la sigara
ambalo baba yangu, Horace Oldershaw, fundi wa mitambo ya lesi,
aliniachia pamoja na nyumba yenye unyevu hapa Long Eaton
na saa ya ukutani isiyokwenda.

Baba alikuwa mtu wa vifungo.
"Saba," angesema, "si vinane. Hesabu."
Aliwaandikia barua watu wa makumbusho
kuuliza kama ukosi wa kikosi fulani
ulikuwa njano ya haradali au njano ya siagi,
na jibu lilipokuja, baada ya miezi mitano,
akapaka upya askari sitini.
Mama alikula peke yake Jumapili zile.

Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja nilimwomba joka.
Akanitazama kana kwamba nimeomba pombe.
"Hakuna joka lililopigana pale, Roland,"
akarudi kwenye kifungo cha nne.

Sasa binti yangu Tamsin amekalia kiti chake,
anakanda udongo wa gundi, wa njano na wa buluu,
mpaka unakuwa kijani.
Anafinyanga pua, masikio, nundu.
Meno ya kitana chakavu yanageuka pembe,
waya wa gitaa unageuka mkia,
majani ya chai yaliyokaushwa juu ya hita
yanatawanyika miguuni mwa mazimwi.
Makoti mekundu tumeyaacha.
Zimwi naye ana haki ya kuvaa vizuri, anasema,
na vifungo vyake ni saba, nimehesabu.

Mpiga ngoma sikumkata.
Nilimshika, nikamrudisha, nikamshika tena.
Shavuni ana doa la waridi, dogo kuliko punje ya mtama;
pale mkono wa baba ulitetemeka, au haukutetemeka.
Atapiga ngoma yake, binadamu pekee kati ya mazimwi,
wala hataulizwa kama anapenda.

Chini kabisa ya pamba, kitu kilinichoma kidole.
Sajini. Masharubu, mistari ya cheo, vifungo saba.
Na mgongoni, mabawa mawili
yaliyokatwa kwenye kopo la samaki:
nusu ya herufi ya kiwanda bado inasomeka,
gundi imekuwa kahawia kama asali iliyosahaulika.
Mabaya. Moja kubwa kuliko jingine.
Kazi ya mtu asiyejua joka linafananaje
na ambaye hakutaka kumuuliza yeyote.
Nilimpindua. Chini ya kitako, kwa penseli:
R., na tarehe. Majira ya baridi yaleyale.
Miaka thelathini na minane alilala chini ya wenzake.

Nilitoka nje kukung'uta msasa
ambao haukuwa na vumbi.

Jumamosi, ukumbi wa kanisa, harufu ya supu na rangi.
Mpinzani wetu, Bi. Delphine Askew, muuguzi mstaafu,
alipanga jeshi lake la wafu: wapiga mishale wa kale
aliowavika mafuvu, mmoja baada ya mwingine,
katika zamu za usiku.
"Na huyu ni nani?" akauliza.
"Jemadari," Tamsin akajibu.
Mabawa hatukuyanyoosha wala kuyapaka rangi.
Nilikataza.

Dadu ikabiringika, ikagonga kikombe, ikatulia: moja.
Jemadari akafa zamu ya kwanza,
kabla hajaruka hata zile inchi sita alizoruhusiwa.
Bi. Delphine akaomba radhi.
Tamsin akamlaza ubavuni, taratibu,
bawa kubwa likiwa juu,
kisha akamsogeza mpiga ngoma,
ambaye kanuni hazimpi kazi yoyote,
mpaka akasimama karibu naye.