Kwa Lushinge, Aliyeanza Kuchukua Kazi Zake Mwenyewe

Nasikia umepata nyumba ya kujenga Bugarika,
kule juu kabisa, ambako hata mbuzi hupanda kwa vituo.
Hongera. Sasa weka chini hiyo pimamaji, unisikilize.

Kabla hujataja bei, panda na kipande cha nondo na nyundo,
uchome ardhi kila baada ya hatua mbili.
Itakapolia ng'aa, hesabu yako inaanzia hapo.
Jiwe la Mwanza ni kiboko:
linakuonyesha kisogo, mwili limeuzamisha.
Mimi niliwahi kupiga bei ya kisogo.
Siku kumi na moja vijana walilikokea moto, wakalimwagia maji,
na kila mzigo wa kuni ulitoka mfukoni mwangu,
maana karatasi ilisema "kuchimba msingi", basi.

Tajiri akikwambia, "Fundi, tuongeze na kibaraza,"
usimchekee tu.
Toa daftari. Andika matofali yake, siku zake,
asaini palepale, juu ya mfuko wa saruji.
Kibaraza cha mdomo hula faida ya nyumba nzima,
na siku ya makabidhiano atakuuliza
mbona hukuweka vigae.

Jumamosi saa tisa, lipa.
Usiwasimulie vijana habari za foleni ya benki.
Aliyepandisha zege mlima ule kwa ndoo
haielewi lugha ya "njoo Jumatatu".
Na Mama Nkwimba wa kokoto,
yule mwenye kidole kilichofungwa mpira wa baiskeli,
huyo usimkope hata debe moja.
Mwenye duka la bati ana subira ya miezi, tena ana wakili.
Mama Nkwimba ana jioni ya leo.

Sasa nikueleze la Buswelu.
Ulikuwa hujaja kwangu bado, na ulipokuja sikulitaja.

Mwalimu Nyanjige alinikabidhi kiinua mgongo chake,
noti zimefungwa kwenye khanga,
saruji, mbao na bati, vyote humo.
Wakati huohuo mfanyabiashara wa sangara, Kirumba,
alikuwa ananifokea kuhusu paa lake.
Nikasema, nichote huku nizibe kule, wiki mbili tu.
Sangara wakaadimika. Tajiri akazima simu.
Nyumba ya mwalimu ikasimama kwenye lenta
masika mawili.
Mpapai ukaota sebuleni.

Hakunipeleka polisi.
Kila Jumapili akitoka misa alikuja na ufagio,
akafagia vyumba visivyo na paa,
chumba kwa chumba, hadi jikoni,
akang'oa majani madirishani, mpapai akauruka.
Najua kwa sababu nilikuwa nyuma ya jiwe, nimechutama,
mtu mzima na ndevu zangu.

Niliimaliza. Niliuza mashine ya kuchanganyia zege,
ndiyo maana wewe ulichanganya kwa koleo
na kunilaani nikiwa sipo.
Siku ya kuezeka ilibidi mpapai ukatwe.
Mwalimu alinikabidhi panga bila neno.
Matunda yalikuwa mabichi bado.
Utomvu ule niliusugua kwa mchanga, kwa sabuni, kwa mafuta ya taa.

Kwa hiyo, kila nyumba na bahasha yake.
Fedha ya mtu ilale chini ya jina la mtu,
na ikipungua, mpigie simu wewe
kabla hajapita kujionea.
Habari mbaya ikitoka kinywani mwako ni kazi;
akiikuta mwenyewe, ni wizi.

Jambo la mwisho. Hiyo pimamaji niliyokupa siku unaondoka,
kiputo chake kinaegemea kushoto kidogo.
Mimi nilikuwa nimekizoea, nilikuwa najirekebisha kwa jicho.
Wewe nunua mpya.