Mnara wa Chipanga

Sista Foibe alinipa ukuta mzima wa wodi ya wazazi
na madebe matatu ya rangi, moja limeganda juu kama uji uliolala.
Akasema: Chora kitu cha kuwapa moyo.
Simba nimewachoka. Twiga wamejaa kwenye kila baa
kuanzia Manyoni mpaka Kibaigwa.

Nikachora mnara wa taa.
Niliuona mara moja tu, kwenye kalenda ya kampuni ya bima,
mwezi wa Julai, karatasi imefukizwa na moshi wa jiko:
mweupe, mkanda mwekundu kiunoni,
umesimama peke yake mwambani
kama mtu aliyeambiwa, Ngoja hapa, nakuja.

Bahari sikuwa nayo.
Bluu ingetosha dirisha moja na nusu.
Basi nikachukua nilichokizoea:
mbuga ya Bahi mwezi wa kumi, udongo umepasuka vigae vigae,
migunga, kimbunga cha vumbi kinajisokota kama kamba,
na yale mawe makubwa yaliyoegemeana
ambayo tangu utotoni huwa nayaona yanasafiri.
Katikati ya ukavu huo nikausimika mnara.
Meli, hakuna. Ng'ombe wanne, mmoja kageuza shingo.

Asubuhi wakaja wenye ukuta wao.
"Tangi la maji," mama mmoja akashika kiuno, akacheka,
"kumbe mradi umefika!"
Kijana wa bodaboda akainua simu, akitafuta mtandao.
Mwingine akasema msikiti, ila fundi kasahau mwezi.
Bibi aliyemsindikiza mkwewe aliutazama kwa kituo:
"Ghala. Uwele wa mwaka mzima unaingia humo."

Nilikasirika, nakiri.
Nikaeleza, brashi mkononi kama fimbo ya mwalimu:
hii ni taa, ya watu wa majini,
ili usiku wasigonge mwamba.
Bibi akanihurumia.
"Wa majini," alisema.
"Na sisi wa nchi kavu hatugongi?"

Usiku ule umeme ulikatika.
Nilikuwa nimelala barazani, nasubiri malipo
(na malipo ya zahanati hutembea kwa miguu ya kinyonga),
nikasikia ngazi yangu inaburutwa.
Foibe. Tochi mdomoni, anapanda juu ya tangi,
tangi la kweli, la plastiki, tupu tangu Agosti.
Damari anavushwa mbuga kwa mkokoteni wa punda.
Upepo umefuta njia. Simu ya mumewe imezima.
Akaizungusha tochi: kulia, polepole, kushoto, kisha tena,
akilifagia giza kama mtu anayefagia uwanja wa watu.
Mkono ulipomfa ganzi akaniita.
"Shika. Usiongee. Na usiutulize mkono."

Sijui ilikuwa saa nzima au mbili.
Najua kwamba sikuona kitu.
Najua kwamba taa haioni; inaonwa,
na aliyeishika hupewa giza lote
mpaka masikio yake yasikie kwato.

Kwato zikasikika.

Kulipokucha, njano ilikuwa imebaki ya ncha ya kidole.
Nilikuwa nimeitunza kwa ajili ya kilele cha mnara.
Nyuma yangu, wodini, mtu mpya alikuwa anagombana na hewa.
Kilele nikakiacha cheupe.
Ile njano nikaitia yote
kwenye jicho la yule ng'ombe aliyegeuza shingo.