Hatua Mia Tatu

Mita moja elfu nne. Ndivyo tulivyolipwa,
mimi na Shaame na vijana wa Tondooni,
kuchimba kutoka Konde hadi Makangale:
kina cha kiuno, upana wa jembe,
na mhandisi na utepe wake nyuma yetu
kama fundi cherehani.

Ile njia naijua kwa mgongo.
Najua mzizi wa mvule ulionivunjia mpini,
najua udongo unapoacha wekundu ukawa mchanga,
na pale Bi Mwache aliposimama juu ya muhogo wake
akasema: Pesa za serikali zipite kando,
muhogo huu haukuandikwa kwenye bajeti.
Tukapinda. Mpaka leo waya umepinda pale.

Waya wenyewe mwembamba! Nilitarajia kamba ya nanga.
Ndani yake, alisema mhandisi, mna nywele za kioo,
na mwanga ndio unaobeba maneno.
Sikubisha. Nilikuwa nahesabu mita.

Ukafika ofisi ya sheha, ukasimama.
Sanduku jeupe ukutani, taa ya kijani
inakonyeza usiku kucha kama mtu mwenye siri.
Skuli iko mbele, hatua mia tatu.
Fungu limekwisha, wakasema. Subirini Julai.
Julai ikaja, ikapita. Ikaja nyengine.

Basi baada ya magharibi utawakuta watoto wa kidato cha nne
wamejibandika ukuta wa sheha kama mijusi,
simu zinawamulika videvu.
Binti yangu Raya anapakua mitihani ya zamani,
mbu wanampakua yeye.

Ijumaa moja, sala imekwisha, nikatoka na jembe.
Sikumwita mtu.
Shaame akaja na lake. Wakaja wengine.
Bi Mwache akaja na birika la chai ya tangawizi,
akauangalia muhogo wake wa upande wa skuli,
akasema: Piteni. Lakini nyoosheni, safari hii.
Msaragambo wa siku tatu, hapana wa kupima,
na bado tulichimba kina cha kiuno, upana wa jembe.

Kioo hatujui kukitengeneza. Kuchimba tunajua.

Sasa vuli imeingia na mtaro umejaa.
Vyura wanaitikiana toka ofisini hadi darasani,
na bata wa mwalimu mkuu, asubuhi,
anawaongoza wanawe mle ndani
hatua zote mia tatu
bila kukatika.