Chaki Juu ya Tairi

Kesho saa mbili bendera itashuka Mabogini,
na usiku huu, gereji ya Awadhi, hapa Njoro,
hakuna anayekumbuka kufunga mlango.
Tairi la lori, bovu, limelazwa katikati kama meza.
Juu yake chaki: majina,
na kando ya kila jina, dau.

Elirehema anaanza, maana siku zote ndiye anaanza.
"Nambari tatu. Harkirat.
Yule kijana hakanyagi breki, anaibembeleza.
Mwaka juzi, kona ya mfereji, mlikuwepo?
Aliingia kwa ubavu kama mtu anayepitisha godoro mlangoni,
akatokea upande wa pili
na godoro halijagusa rangi!"
Anaweka kilo mbili za mbuzi, na ndizi zake.

Nasari anacheka mpaka chai inamwagika.
"Godoro! Ulikuwa nyuma ya mgunga, umefumba macho."
Yeye yuko na Lembris wa Monduli, Evo nyeupe.
Hesabu amezipiga kwenye daftari la mwanawe:
sekunde, kilomita, makorongo,
mvua za Machi tatu zilizopita.
"Namba hazina ushabiki," anasema,
na kofia aliyovaa imeandikwa LEMBRIS.

Mama Aika, wa mtori, hakuna aliyemuuliza.
Anafuta mikono kwenye khanga, anaichukua chaki mwenyewe.
"Anansia. Yule binti wa Kiboriloni, nambari saba."
"Mwenye gari la mkopo?"
"Huyo huyo. Jana wote walikula kwangu.
Wenzake walikula wamesimama, simu sikioni.
Yeye aliketi. Akamaliza bakuli.
Akakwangua chini kwa kijiko, taratibu.
Mtu wa hivyo hana haraka."
"Mama, haya ni mashindano ya haraka!"
"Ndiyo maana," anasema, na kuandika.

Mtu anatoka nje kuutazama mlima.
Kibo iko wazi, kipara kinang'aa kwa mbalamwezi.
"Kesho vumbi!"
"Vumbi nini? Ukijianika usiku, asubuhi unajifunika."
Wanaubishania mlima
utadhani nao umelipa ada ya kushiriki.

Halafu kimya. Halafu Elirehema:
"Na wewe, fundi? Wewe uliyezishika?"

Mimi ndiye niliyeuchomelea
mkono wa gurudumu la nyuma, nambari tatu,
Alhamisi, umeme ukikatika mara mbili katikati ya moto.
Mshono ni mzuri. Niliugonga kwa nyundo, ukaitika.
Ila ndani ya mwitiko ule nikasikia kitu kidogo,
kama kikohozi cha mgeni mwenye adabu.
Nilimwambia Harkirat.
Akanipiga begani: "Spea inatoka Nairobi, fundi.
Inafika Jumatatu."

Rali ni Jumapili.

Nikachukua chaki.
Nikapiga mstari chini ya nambari saba.
Elfu thelathini, nikaandika. Chaki ikakatika.
"Msaliti!" Elirehema ameruka toka kwenye kopo.
"Gari umelitengeneza kwa mikono yako mwenyewe!"
Nasari akaandika kitu kwenye daftari.
Mama Aika alinitazama kidogo kupita kiasi,
akanijazia kikombe, hakudai hela.

Sasa wameondoka. Jiko linapoa.
Kabla jua halijatoka nitapanda baiskeli hadi mashamba ya miwa,
kwenye kona ya mfereji,
upande usio na watu.
Sitatazama. Nitasikiliza.
Watapita mmoja mmoja, nami nitawajua kwa sauti,
na ya tatu ikikaribia nitashika pumzi
mpaka mlio wake uzame kwenye miwa,
mzima, haujakohoa.

Sijawahi kutamani hivi kupoteza hela.
Kesho jioni nataka nimhesabie Elirehema,
noti juu ya noti, mbele ya watu wote,
naye anicheke
mpaka chai imwagike.